Gari Lipo

Siku gari letu liliposhindwa kutupeleka hospitali lilikuwa na alama themanini na saba kwa mia. Alama hizo nilizitoa mimi, kwa kalamu nyekundu, nikazipigia mstari chini kama wafanyavyo walimu. Shule mwenyewe niliishia darasa la nne, kwa hiyo nilikuwa na hamu ya miaka mingi ya kumpa mtu alama. Mtu hakupatikana, likapatikana gari.

Lilikuwa gari la familia, la juu kidogo, milango mitano, rangi ya fedha. Mtumba, lakini aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa na adabu. Lilifanana na yale magari makubwa ya wakubwa, yale yanayotupita yakiturushia tope, jinsi mtoto wa nje anavyofanana na baba yake: paji lilelile, mabega yaleyale, ila kila kitu kimepunguzwa. Nililinunua kwa kiinua mgongo changu chote. Miaka ishirini na tisa nilikaa getini kwenye yadi ya magari ya serikali, nikiandika gari linalotoka na linaloingia, na mtaani hata leo wananiita Mzee Geti. Walioagwa pamoja nami walinunua ng'ombe. Mimi nilinunua gari, na sikujua hata kuliendesha vizuri.

Sababu niliyokuwa nikiitoa ilikuwa moja. Mke wangu alikufa akisubiri gari. Wakubwa walikuwa nalo, wakubwa wakalifungia. Hayo niliyasema msibani, nikayasema kwa kinyozi, nikayasema popote walipokutana watu wawili wakanipa nafasi. Nikaapa kwamba nyumba yangu haitasubiri tena gari la mtu.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mwanangu ambaye ni fundi wa vigae, na mkewe, mshonaji, aliyekuwa na ujauzito wa miezi sita na cherehani yake sebuleni. Watatu, na gari. Gari ndilo lililojengewa paa jipya.

* * *

Jumapili jioni tulikaa nje, mbele ya gari, kwa ajili ya tathmini. Nilikuwa na kaunta buku, lile gumu la kurasa mia mbili, nililolichora mistari kama la kazini. Upande mmoja safari: tarehe, anayetoka, anakokwenda, sababu, kilomita, aliyeidhinisha. Upande wa pili alama, vipengele kumi: injini, urefu kutoka chini, buti, viti, vioo, breki, ulaji wa mafuta na vingine.

"Ulaji wa mafuta," nikasoma. "Kumi kwa kumi."

"Baba," akasema mwanangu, bado ana saruji kwenye kucha, "mwezi huu limetoka mara ngapi?"

"Mara moja. Lilikwenda kuoshwa."

"Basi hata kabati letu halili mafuta. Lipe nalo kumi."

Nikamwangalia kwa lile jicho nililowaangalia nalo madereva. Halikumfanya kitu.

"Viti," nikaendelea. "Tisa."

"Mimi viti sijaviona," akasema mkwe wangu. "Nimeona nailoni."

Ni kweli, nailoni ya dukani sikuwa nimeitoa. Ukikaa kwenye jua inakung'ang'ania mapajani, na ukishuka inalia kama unachunwa ngozi. Lakini chini yake viti vilikuwa vipya, na hilo ndilo jambo la msingi.

Mkwe wangu akainama, mkono kiunoni, akachungulia lile buku. "Baba, sehemu ya kufaa iko wapi?"

"Kufaa nini?"

"Kufaa tu. Gari limemfaa nani."

Nikamwambia mistari imeshachorwa kwa kalamu ya wino na haiwezi kuongezwa. Akasema sawa, baba. Alikuwa na namna ya kusema sawa iliyokufanya ubaki umeshika mlango ambao hakuna mtu aliyekuwa anataka kuuingia.

Jumatano yake alikuwa na kliniki. Akaja kwangu asubuhi, mimi nafuta vumbi kwenye dashibodi.

"Baba, nilikuwa nafikiria leo labda gari..."

"Andika maombi."

Akacheka. Kisha akaona kwamba mimi sicheki. Akalichukua buku, akaandika tarehe, akaandika jina la kliniki, na kwenye sababu akaandika neno moja: mimba.

Nikalisoma. Nikaangalia mawingu. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha na barabara yetu ilikuwa uji mtupu. Nikaandika pembeni: linashughulikiwa. Akaenda kwa miguu, amevua viatu amevishika mkononi, tumbo limemtangulia. Nikamsindikiza kwa macho hadi kwenye kona, kisha nikarudi kwenye dashibodi.

* * *

Mvua zilipozidi nikafanya lililofanywa yadini. Pale yadini gari likisubiri idhini lilivuliwa tairi, likapandishwa juu ya matofali, betri ikatolewa, ili lisichakae likisubiri. Idhini zenyewe zilikuwa hazina haraka. Kuna moja lilipandishwa mwaka nilioajiriwa. Siku nastaafu, kuku walikuwa na kizazi cha sita kwenye kiti cha dereva. Ndiyo ilikuwa kazi ya wakubwa wetu: kuhifadhi vitu mpaka vife vikiwa salama.

Lakini la kwangu, nilijiambia, ni tofauti. La kwangu lina mwenyewe. Nikavua tairi zote nne, nikazipanga chumbani kwangu kati ya kitanda na ukuta, upande aliokuwa akilala marehemu. Betri nikaiweka uvunguni juu ya kipande cha ubao. Ufunguo nikautia kamba, nikauvaa shingoni. Gari likasimama uani juu ya nguzo nne za matofali, safi, limevimba kifua, haligusi ardhi.

"Mzee Geti!" akaita jirani yetu, mwanamke muuza mkaa, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mkaa. "Gari lako linaogopa kuchafua miguu?"

Yeye alikuwa na pikapu. Nasema pikapu kwa heshima. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, taa moja ilikuwa imeshikizwa kwa gundi, na lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe.

"Gari hili lina alama themanini na sita," nikamjibu. "Hilo lako likipimwa litapata ngapi?"

"Langu halijasoma, shemeji. Linafanya kazi tu."

Wapita njia wakacheka. Nilijifungia ndani, nikaliongezea gari alama moja kwenye breki, kwa hasira.

* * *

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Mwanangu alikuwa kazini, ng'ambo ya mji, anaweka vigae kwenye bafu la mkubwa mmoja. Mimi nilikuwa uani napiga vioo kitambaa. Ndani, cherehani ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia. Kisha ikasimama na haikukimbia tena.

"Baba."

Nikaingia. Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, na chini ya kiti sakafu ilikuwa imelowa.

"Bado wiki tatu," nikasema, kana kwamba namkatalia.

"Mwambie yeye," akasema, akashusha pumzi. "Baba, gari."

"Gari lipo," nikasema.

Hapo nataka niseme ukweli, maana nimeshawasema sana wengine. Kitu cha kwanza nilichokwenda kukichukua hakikuwa betri wala tairi. Nilikwenda kwenye rafu, nikalichukua kaunta buku, nikafungua kofia ya kalamu. Sikuutuma mkono, ulikwenda wenyewe, ulivyozoea. Nilikuwa nimeshaandika tarehe. Mkwe wangu alinitazama kutoka pale mezani, jasho limemjaa juu ya mdomo. Nikalitupa buku kitandani kama limeniunguza.

Nikapiga magoti, nikaivuta betri uvunguni. Nzito kama dhambi. Nikatoka nayo nimeikumbatia, nikairudisha mahali pake, nikaanza kufunga waya, na spana namba kumi ikawa haipo. Spana namba kumi haipo kamwe, duniani kote. Nikafunga kwa koleo. Nikarudi kuchukua tairi, moja, nikaiviringisha ukumbini, ikampita mkwe wangu, ikagonga mlango, ikalala. Jeki ilikuwa moja na miguu ya gari ilikuwa minne. Nikapiga hesabu, mimi ninayejua hesabu za geti tu: robo saa kwa kila tairi kwa mtu wa umri wangu. Saa nzima.

"Baba!" Sauti yake sasa ilikuwa imebadilika.

Nikasema, angalau nijue kama linawaka. Nikakaa kwenye nailoni, nikautoa ufunguo shingoni, nikazungusha. Gari lilisema: tik. Nikazungusha tena. Tik. Miezi miwili uvunguni, betri ilikuwa imelala usingizi wa kweli.

"Subiri kidogo, mama!" nikapaza sauti dirishani. "Linashughulikiwa!"

Nikajisikia. Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya bwana mkubwa wetu wa yadi, hata ile nukta ya mwishoni, ile ya kufunga mdomo ili usiulizwe tena. Nilikaa nimeshika usukani wa gari lisilo na miguu, mbele yangu kuna ukuta wa jirani, na nikaiona sura yangu kwenye kioo cha katikati. Kioo hicho nilikuwa nimekipa kumi kwa kumi.

* * *

Ukuta ule ulikuwa wa Mama Mkaa. Nikaupiga kwa ngumi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi yupi?"

"Mzee Geti. Mama, mkwe wangu... uchungu umemshika. Nakuomba pikapu."

Nilingoja aniulize gari langu lina alama ngapi. Ningekuwa mimi, ningeuliza.

"Mlete hapa nje," akasema. "Na uwe na mabega."

Mabega yalikuwa ya kusukuma. Tukampandisha mkwe wangu mbele, tukaufunga ule mlango kwa kamba, Mama Mkaa akashika usukani, nami nikaenda nyuma nikaegemea. Kinyozi akatoka kibandani mwake na mashine mkononi, akasukuma na mimi. Pikapu likaenda hatua kumi, likakohoa. Hatua kumi nyingine. Likawaka ghafla, likaruka, nami nikaenda kifudifudi kwenye tope, mdomo wazi.

"Panda, shemeji! Halisimami hilo!"

Nikalikimbilia, mzee wa miaka sitini na minne, nikadandia nyuma kwenye magunia ya mkaa. Tulipita mbele ya nyumba yangu. Gari langu lilikuwa linang'aa uani, tairi moja imelala mlangoni, na boneti iko wazi kama mtu aliyeshangaa.

Kila shimo nilimsikia mkwe wangu akilipigia kelele. Mama Mkaa alikuwa anamjibu kwa sauti ileile: "Lia, mwanangu, lia, hapa hakuna mwanamume, aliyeko yuko nyuma na ni mkaa tu!"

Getini hospitali boriti ilikuwa imeshushwa. Mlinzi akatoka kibandani polepole, amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi ana kaunta buku. Gumu, la kurasa mia mbili.

"Mnakwenda wapi?"

"Unatuona!" akasema Mama Mkaa. "Fungua, halina stata, likizimika tumekwisha!"

"Namba ya gari. Na sababu ya kuingia." Akafungua kofia ya kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Nilimjua mpaka kwenye uboho: alikuwa na watoto, alikuwa na mkubwa ndani aliyeweza kumfukuza kwa mstari mmoja uliorukwa. "Utaratibu ni utaratibu, mama."

Pikapu likaanza kutetemeka, kama linataka kuzima. Nikaruka kutoka kwenye magunia. Nikaishika ile boriti kwa mikono miwili, nikaipandisha. Miaka ishirini na tisa nimeinua boriti, na hiyo ndiyo ya kwanza niliyoinua bila mtu kuniruhusu. Ilikuwa nyepesi. Hilo ndilo lililoniuma: ilikuwa nyepesi hivyo.

"Mzee! Hamjaandikishwa!"

"Andika Mzee Geti," nikasema. "Sababu, mimba."

Pikapu likapita chini ya mikono yangu.

* * *

Mtoto alizaliwa muda mfupi baadaye, wa kike, mdogo, kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Muuguzi alitoka akasema mngechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, mweusi kwa mkaa, mwekundu kwa tope, akaniambia mzee kaa kwenye benchi ya nje, ya ndani ni safi.

Mwanangu akafika mchana, vumbi la vigae kwenye nyusi. Akamwona mkewe, akamwona mtoto, akatoka akakaa karibu nami. Sikujua angeanzia wapi kunitukana, maana palikuwa na pengi pa kuanzia. Nikaanza mimi.

"Siku ya mama yako," nikasema, "gari la wagonjwa lilikuwa yadini."

"Umeshasema, baba. Wakubwa walilifungia."

"Lilikuwa mbele yangu. Limeoshwa. Dereva alikuwa amekaa na mimi anakunywa chai. Simu ilipokuja kwamba ameanguka, kilichokosekana ni sahihi, na bwana mkubwa alikuwa kikaoni." Nikameza mate, yana ladha ya mkaa. "Kisanduku cha funguo kilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Cha plaiwudi. Kufuli lake dogo kama kidole gumba. Ningekipiga kiwiko kingefunguka. Nilingoja dakika hamsini, nimeshika kalamu."

Akafuta vumbi la nyusi. Mbele yetu mtu alikuwa anapiga deki.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Dereva alinisimulia palepale msibani. Alikuwa analia."

"Miaka mitatu? Na hukusema?"

"Ulikuwa unamsema bwana mkubwa kwa sauti kubwa sana, baba. Nikaona ukinyamaza utaanguka."

Wakubwa bado nawalaumu, wasije wakadhani nimewasamehe: walioweka sahihi juu ya uhai wa watu ni wao, si mimi. Lakini kisanduku kilikuwa cha plaiwudi.

* * *

Siku tatu zilizofuata mimi na mwanangu tulilishusha gari. Fundi umeme akaichaji betri, akaja na spana namba kumi yake mwenyewe. Tukatoa matofali, moja moja, na gari likakaa chini kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, likatoa sauti kama mzee anayekaa. Nailoni niliichana mwenyewe, kwa mkasi wa mkwe wangu, bila kuomba. Nilitoa gunia zima. Viti vilikuwa vizuri kweli. Vilistahili ile tisa.

Tukaenda kumchukua, mwanangu akiendesha, mimi nyuma. Getini mlinzi alinitambua. Akaandika namba ya gari, akaandika sababu, kisha akaniangalia, akainua boriti polepole, kwa mkono mmoja. Nikampungia.

Mkwe wangu akatoka na mtoto amefungwa kwenye shuka. Akasimama mbele ya gari. Akalizunguka nusu, akaangalia tairi zote, kama anahakikisha kwamba zimegusa ardhi. Mama Mkaa alikuwa amekuja na pikapu lake kusalimia, na kwa muda mfupi mkwe wangu alilitazama lile pikapu, na mimi nikaogopa.

Kisha akanigeukia.

"Baba," akasema, "natia sahihi wapi?"

Mama Mkaa alicheka mpaka akashika kamba ya mlango wake. Mwanangu akageuza uso pembeni. Mimi nikafungua mlango wa nyuma, nikaushika, kama nilivyokuwa nikiwafungulia wakubwa, ila safari hii bila chuki.

Hatukufika mbali. Kwenye tuta la kwanza mtoto alitapika maziwa kwenye kiti. Niliona yakipenya polepole kwenye kitambaa kipya, na wote watatu, mtoto naye, wakanitazama, hata aliyekuwa anaendesha, kwenye kioo. Nilikohoa. Nikasema vitambaa vinafuliwa.

"Lile buku liko wapi?" akauliza mkwe wangu.

Lilikuwa chini ya kiti. Sikuwa nimekuwa malaika kwa siku tatu. Akalifungua mapajani, mtoto begani, akaomba kalamu, nikampa ile nyekundu. Pale nilipokuwa nimesema mistari haiongezeki, akaongeza mstari, umepinda kwa sababu ya mashimo. Akaandika: kufaa. Mbele yake akaandika namba, akanionyesha.

"Moja?" nikasema. "Moja kwa kumi?"

"Ni safari ya kwanza, baba."

Sikukata rufaa.